Dereva mrefu, rekebisha kiti kabla ya kununua kidonge

Msomaji wangu, kama urefu wako unakaribia futi sita au umezipita, na gari lako la kila siku ni Noah, Wish, Sienta au jingine la aina hiyo, hali hii huenda unaifahamu. Magoti yamebanwa chini ya dashibodi, usukani unakwaruza mapaja, na kila tuta likikukuta hujajiandaa unainamisha kichwa kisigonge paa. Ukifika uendako unashuka kwa awamu: unatoa mguu mmoja, unashika mlango, unasubiri kiuno kikubali, ndipo unasimama wima. Kisha unapitia duka la dawa.

Wiki hii nataka tuzungumze kabla hujafika hapo dukani.

Madereva wa magari haya wanaokuja kliniki kwa maumivu ya mgongo huwa wameshajipa jibu. Mmoja atasema, "Dokta, hizi ni figo." Mwingine atasema umri umekwenda, ingawa ana miaka 35. Nikiwauliza wanakaaje ndani ya gari, wengi hushangaa, kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Ukweli ni kwamba maumivu ya figo mara nyingi hukaa ubavuni chini ya mbavu, na yakitokana na maambukizi huja na homa au mkojo unaochoma. Maumivu yanayoanza baada ya saa moja ya kuendesha, yakapungua ukitembea, na kurudi ukikaa tena, yanatuelekeza kwenye kiti.

Kwanza tuelewe kwa nini gari linakukunja. Magari haya yametengenezwa Japani, nchi ambayo urefu wa wastani wa mwanaume mzima ni takribani sentimita 171. Tena yamebuniwa kubeba watu saba au wanane ndani ya umbo dogo, hivyo nafasi imegawanywa kwa kubana. Reli ya kiti cha dereva hukatishwa mapema ili abiria wa nyuma naye apate pa kuweka magoti. Katika mengi yao usukani hupanda na kushuka tu, hauvutiki kumfuata dereva aliyerudi nyuma. Zile Noah za zamani, zilizotengenezwa kabla ya 2001, zina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kushusha kiti hakuwezekani kabisa.

Pili, tuelewe mgongo unafanyiwa nini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama mto mdogo unaopokea uzito na mtikisiko. Miaka ya 1960, daktari bingwa wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai. Aligundua kuwa kukaa bila kuegemea kunazikandamiza diski za kiuno kuliko kusimama. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba shinikizo hilo hupungua egemeo la mgongo likilazwa kidogo na kiuno kikapata kitu cha kukishikilia. Ongeza mtikisiko wa gari: mwili uliokaa huupokea vibaya zaidi mtikisiko wa kati ya mara 4 na 6 kwa sekunde, na barabara mbovu huleta mtikisiko wa aina hiyo. Dereva mrefu aliyejikunja kama herufi C anaupokea wote kiunoni.

Sasa tuingie ndani ya gari. Liegeshe mahali tambarare, zima injini, kisha fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

Anza na mfuko wa nyuma. Toa pochi na simu. Ukikalia pochi, nyonga moja inapanda na mwingine anaanza kusikia ganzi ikishuka mguuni. Sukuma makalio hadi yaguse kabisa sehemu ya nyuma ya kiti.

Kama kiti kina leva ya kupandisha na kushusha, itumie kwa akili. Watu warefu hukimbilia kushusha hadi mwisho. Matokeo yake magoti hupanda juu ya nyonga, mapaja huning'inia bila kushikiliwa, na uzito wote huenda kwenye mkia wa mgongo. Pandisha kiti mpaka nyonga zilingane na magoti au zizidi kidogo, ukiacha nafasi ya vidole vinne kati ya kichwa na paa.

Halafu sogeza kiti mbele au nyuma kwa kupima na miguu. Kanyaga breki hadi mwisho, na klachi kama ipo. Goti linatakiwa libaki limepinda kiasi. Likinyooka kabisa umekwenda nyuma mno, na siku ya breki ya ghafla hutapata nguvu.

Baada ya hapo rekebisha egemeo la mgongo kwa kupima na mikono. Nyoosha mkono juu ya usukani huku mabega yakiwa yamegusa kiti. Kifundo cha mkono kitue juu ya usukani bila bega kung'oka. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakishaona mikono haifiki, wanarudisha kiti mbele na kuyabana magoti upya. Shika kanuni hii: miguu ndiyo inayoamua kiti kiwe wapi, na mikono ndiyo inayoamua egemeo lisimame vipi. Mikono isipofika, simamisha egemeo kidogo na uache kiti palepale. Kwa wengi egemeo hutulia likiwa limelala kidogo tu kupita wima, nyuzi 100 hadi 110.

Usukani ushushe au uupandishe mpaka usiguse mapaja na bado uone saa za dashibodi. Kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani kuwe na angalau sentimita 25. Mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu kubwa wakati wa ajali, na aliyeukaribia mno anaweza kuumizwa nao.

Egemeo la kichwa livute juu. Ncha yake ilingane na utosi wako, na liwe karibu na kisogo. Katika magari mengi ninayopanda limeshushwa hadi chini. Kwa mtu mrefu, hapo linakaa nyuma ya shingo, na gari likigongwa kwa nyuma kichwa kitapinda juu yake.

Malizia na vioo. Virekebishe ukiwa umekaa vizuri. Baadaye, ukianza kuporomoka kwenye kiti bila kujua, kioo cha ndani kitakwambia: hutaona tena dirisha lote la nyuma. Usikiguse kioo, inua mgongo.

Utaniuliza, vipi kama gari halina leva hizo zote? Mengi hayana. Chukua taulo dogo, likunje liwe kama chapati iliyoviringishwa, liweke usawa wa mkanda wa suruali. Hilo tu huwapa watu nafuu kubwa. Kama mapaja yananing'inia, weka mto mwembamba na mgumu chini yake upande wa mbele, ila hakikisha hautelezi kuelekea kwenye pedali. Usikalie godoro nene laini, kwani kichwa kitapanda paani na mkanda wa usalama utakaa vibaya tumboni. Na usimpe fundi wa kuchomelea akuongezee reli au akuhamishie kiti nyuma kwa vyuma vya kuokoteza. Kiti kilichoshikiliwa vibaya hung'oka katika ajali, na wewe utang'oka nacho.

Kumbuka pia kwamba urefu wa watu si wa aina moja. Mwenye miguu mirefu anateswa na magoti, hivyo reli ndefu na taulo vitamsaidia. Mwenye kiwiliwili kirefu anateswa na paa. Huyo, kama hawezi kushusha kiti, alaze egemeo kidogo zaidi na kuweka taulo kiunoni, maana kuinamisha shingo safari nzima ni kuikaribisha kuuma. Mambo yakigongana, breki ije kwanza, umbali wa kifua na usukani wa pili, kichwa cha tatu, na starehe ndiyo ya mwisho.

Ndiyo maana ninasema ukaguzi wa gari kabla ya kununua usiishie kwenye injini na bodi. Tunaagiza gari kwa picha, tukiangalia mwaka na kilomita. Tafuta jirani mwenye gari la aina hiyo, kalia kiti chake nusu saa, ikiwezekana uliendeshe. Dakika tano hazitoshi. Kiuno hulalamika baadaye. Kama ni refu kwa abiria lakini fupi kwako, tafuta jingine.

Hata kiti kizuri kinahitaji kuachwa. Kila baada ya saa mbili shuka, tembea angalau dakika 15. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, simama Morogoro na Gairo hata kama gari lina mafuta. Magoti yaliyokunjwa kwa saa nyingi hupunguza mwendo wa damu miguuni, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Na ukishafika, usifungue buti papo hapo na kubeba gunia la mkaa. Mgongo uliotoka kukaa muda mrefu uko dhaifu kwa kunyanyua. Tembea kwanza dakika chache, au mwachie aliyekuwa akikusubiri.

Sasa turudi kwenye kidonge, ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa siku chache. Lakini nawaona madereva wanaozimeza kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, mwezi baada ya mwezi, bila kuandikiwa na daktari. Dawa hizi zikizoeleka huchubua tumbo hadi kuleta vidonda vinavyovuja damu, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Hatari kwa figo inaongezeka kwa mtu asiyekunywa maji, na madereva wengi hawanywi ili wasilazimike kusimama kujisaidia. Tazama basi mzunguko wenyewe: mtu aliyeogopa figo bila sababu anaishia kuziumiza kweli kwa dawa ya maumivu ya kiti. Dawa nyingine za kutuliza misuli na maumivu makali huleta usingizi, jambo ambalo dereva hawezi kulimudu akiwa na roho za watu nyuma yake.

Ninyi mnaomiliki Noah na kumkabidhi kijana awaletee hesabu kila jioni, neno hili ni lenu pia. Tairi likiisha mnanunua, pedi za breki zikiisha mnabadilisha. Kiti cha dereva kilichozama katikati, chenye leva iliyokatika na sponji iliyogeuka unga, ni kifaa kibovu vilevile. Spea za gari zimejaa Kariakoo. Uti wa mgongo hauuzwi. Dereva mwenye maumivu huchelewa kugeuza shingo kuangalia pembeni, huchelewa kukanyaga breki, na huwa mwepesi wa hasira. Kutengeneza kiti chake ni kulinda mali yenu na abiria.

Kuna dalili ambazo taulo wala kiti kipya havitoshi, na hazitaki kusubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kutoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu mmoja ukipoteza nguvu. Nenda pia kama ndama ya mguu mmoja imevimba na kuuma baada ya safari, hasa ukibanwa na pumzi. Maumivu ya mgongo yenye homa, yanayokuamsha usiku, au yanayoambatana na kupungua uzito yanahitaji uchunguzi. Na kama umerekebisha kiti vizuri, ukapumzika njiani, na wiki sita zimepita bila nafuu, njoo tukuone.

Kwa wengine wote, ombi langu ni dakika kumi. Leo gari likiwa limeegeshwa, toa pochi, panga kiti kwa hatua nilizozitaja, weka taulo, kisha endesha hivyo kwa wiki mbili. Siku mbili tatu za mwanzo utajiona kama umekaa kwenye kiti cha mtu mwingine, kwa sababu mwili ulishazoea kujikunja. Vumilia. Kama katika familia gari moja linaendeshwa na mume mrefu na mke mfupi, kila anayeingia apange upya kabla ya kuwasha. Chora alama ya chaki au bandika kipande cha plasta kwenye reli ili kila mmoja ajue mahali pake.

Gari limetengenezwa kwa kipimo cha mtu wa wastani ambaye si wewe. Kulifanya likufae ni kazi yako, na inaanza kabla hujageuza funguo.