Fedha Hutumwa, Malezi Hayatumwi

Unaposifu wingi wa bidhaa zitokazo Uchina, wakumbuke pia mabibi na mababu wa vijijini huko wanaolea wajukuu.

Sheria ya mwaka 1958 iliwagawa Wachina katika daftari mbili za makazi, ziitwazo hukou: ya shamba na ya mjini. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1978 yalipozaa viwanda vya pwani, wakulima walimiminika Shenzhen na Guangzhou, bali majina yao yakabaki katika daftari ya kijijini. Leo wafanyakazi waliohama hivyo wanakaribia milioni 300. Wamejenga miji ambamo watoto wao hupata kwa taabu nafasi katika shule za serikali. Kwa hiyo mamilioni ya watoto huachwa kijijini, na wengi huwaona wazazi wao sikukuu ya Mwaka Mpya tu.

Mwaka 2014 serikali iliagiza mgawanyo huo ufutwe. Hata hivyo miji mikubwa kabisa ingali inabana milango yake.

Basi tunapopima maendeleo ya taifa lolote, tusihesabu viwanda peke yake. Tuulize pia: mtoto wa mfanyakazi analelewa na nani? Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.