Kauri Ipulizwayo: Ufundi Tusiuachie Wengine

Sehemu kubwa ya umeme uliowasha taa za Dar es Salaam kwa miaka mingi imefuliwa kwa gesi itokayo Songo Songo na Mnazi Bay, katika mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Na mtu apitaye kando ya mitambo hiyo akausikia mvumo wake, aghalabu hawazi kwamba ndani ya tabaini ya gesi, nyuma kidogo ya chumba cha kuchomea, pana mahali ambapo hewa iliyowaka huyapiga mapanga kwa joto ambalo, katika tabaini kubwa za zama hizi, huzidi nyuzi 1,400 za Selsiasi, ilhali aloi ya nikeli iliyofanyiwa mapanga hayo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300. Mapanga yasalimika kwa fadhila ya mambo mawili: hewa ya kupoza ipitishwayo katika vijia vyembamba vilivyomo ndani yake, na utando wa kauri nyeupe, ambao aghalabu unene wake haufiki nusu milimita, uliotandikwa juu yake. Ni juu ya utando huu, na juu ya ufundi wa kuutandika, kwamba nataka kutoa rai yangu, maana naona tumeuachia wengine pasipo sababu ya kutosha.

Njia yenyewe ni hii. Bunduki ya kupulizia, ambayo ndani yake mna ncha ya tangisteni iliyozungukwa na mdomo wa shaba upozwao kwa maji, hupitishiwa gesi ya agoni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo. Umeme urukapo baina ya ncha na mdomo, chembe za gesi ile hupokonywa elektroni zake, na gesi ikawa plazima, yenye joto lipitalo nyuzi 10,000. Katika mwale huo hutiwa unga wa kauri. Kila punje huyeyuka ingali angani, huruka kwa mwendo wa mamia ya mita kwa sekunde, hujibamiza juu ya chuma, hutandaa na kuganda papo hapo, na nyingine ikaja juu yake, hata utando ukakamilika kwa vibamba vilivyolaliana mithili ya makuti ya paa. Baina ya vibamba hivyo husalia nafasi ndogo za hewa, na nafasi hizo huongeza uwezo wa kauri wa kuzuia joto, hata joto lipitalo ndani yake likawa si zaidi ya sehemu moja katika ishirini ya lile ambalo lingepita katika aloi ya unene ule ule. (Mapanga ya injini za ndege aghalabu hutandikwa kwa njia nyingine, ya kuigeuza kauri kuwa mvuke, lakini vyumba vya kuchomea, na mapanga mengi ya tabaini za umeme, hupulizwa hivi.)

Kauri iliyochaguliwa ni zirkonia, na kuchaguliwa kwake kuna kisa kistahilicho kusimuliwa kwa utulivu. Zirkonia ina sifa mbili ambazo ni nadra kukutana: haipitishi joto ila kidogo, na hutanuka kwa kiasi kilicho karibu na cha chuma, walakini ina ila kubwa, kwani ipoapo chini ya nyuzi 1,170 hivi, fuwele zake hubadili umbo na kuvimba kwa kadiri ya asilimia 4, na utando wote ukabomoka. Dawa ya ila hiyo ni kuichanganya na oksidi nyingine. Katika miaka ya 1960 utando wa zirkonia ulikwisha kutumika katika injini ya roketi ya ndege ya X-15 huko Marekani; lakini ni katika kituo cha utafiti cha Lewis cha NASA, mjini Cleveland, Ohio, ambako Curt Liebert na Stephan Stecura waliiunganisha zirkonia yenye itria, yaani oksidi ya itriamu, na utando wa chini wa nikeli, kromi, alumini na itriamu, na mwaka 1976 injini ya majaribio ya J-75 ikathibitisha kwamba mapanga yaliyovikwa hivyo hustahimili kazi. Waliokuwa wakishughulika na jambo hili walidhani kwamba itria ikiwa nyingi ndipo kauri hutulia. Stecura akapima mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, akiutia tanuruni na kuutoa, na kuhesabu mara ngapi ulistahimili kabla ya kubanduka, hata akaona kwamba uliodumu kuliko yote ulikuwa na itria ya asilimia 6 hadi 8 tu. Kadiri hiyo ndiyo itumikayo zaidi mpaka leo. Kwangu mimi tendo hili lina thamani kubwa mno, maana halikuhitaji jengo la fahari wala jeshi la wataalamu: lilihitaji tanuru, mizani, na mtu mwenye subira ya kuandika alichokiona.

Na yapo mengi bado ya kuonwa, hasa katika kufa kwa utando. Nyufa ndogo, ambazo katika vyombo vingi ni aibu ya fundi, hapa hutakiwa, kwa kuwa huipa kauri nafasi ya kutanuka na kusinyaa pasipo kuvunjika. Lakini kwa kuwa oksijeni huipenya zirkonia bila taabu, alumini iliyomo katika utando wa chini huungana nayo na kufanya tabaka jembamba la oksidi, ambalo mwanzoni ni kinga, kisha kwa maelfu ya saa hunenepa kidogo kidogo, likasukuma na kuvuta, mpaka kauri ikabanduka. Adui mwingine ni vumbi: mchanga mwembamba ulioingia na hewa huyeyuka karibu na nyuzi 1,200, huzama katika zile nafasi za utando na kuzijaza, na kauri ikapoteza unyumbufu wake, ndiyo sababu injini zirukazo juu ya majangwa ya Ghuba huchakaa upesi.

Sasa nirudi kwetu. Mchanga wa Kwale, kusini ya Mombasa, ulitoa zirkoni, madini ambayo zirkonia hutolewa ndani yake, tangu mgodi ulipoanza kusafirisha mwaka 2014 hata ulipokoma kuchimba mwishoni mwa 2024, na shehena ikapakiwa melini Likoni ikaenda zake. Wala sisemi kwamba ilikuwa rahisi kuisafisha hapa, kwani hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa vya kemia. Sisemi pia kwamba karakana changa ikabidhiwe mapanga ya tabaini, ambayo kosa lake moja laweza kuharibu mtambo mzima. Nisemalo ni kwamba bunduki ile ile ipulizayo zirkonia hupuliza oksidi ya kromi juu ya mikono ivikwayo shafti za pampu za maji isilike upesi, hupuliza aloi juu ya shafti ya meli iliyochakaa ikarudia kipimo chake, na hupuliza madini ya mfupa juu ya nyonga ya bandia ili mfupa wa mgonjwa ushikane nayo. Kazi hizo mbili za kwanza zipo katika kila bandari na kila kiwanda cha sukari kwetu, na zafaa kuwa darasa la kwanza. Na kuwekwa karakana moja ya namna hiyo chini ya chuo kikuu, yenye mafundi wa kudumu na kazi za kulipwa, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa bajeti zetu.

Kisha mashirika ya umeme, kila yafanyapo mkataba wa matengenezo makubwa, yatie sharti kwamba mapanga yaliyokwisha umri wake yasipelekwe yote kwenye vyuma chakavu, bali machache yakabidhiwe chuo hicho, pamoja na daftari la saa yalizofanya kazi na joto yaliloliona, yakatwe, yasuguliwe, na vijana wayatazame kwa hadubini, wapime unene wa oksidi na waandike ufa ulianzia wapi.