Acha Kuforwadi, Chonga Muhuri

Kufikia jioni ya tarehe 24 Desemba simu yako itakuwa imejaa. Mshumaa unaometameta, Santa kwenye theluji, waridi jekundu lisilohusiana na lolote, na chini yake: kutoka kwangu na familia yangu hadi kwako na familia yako. Aliyekutumia anaishi peke yake kwenye bedsita Kahawa West. Familia gani? Ni picha aliyotumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu, na WhatsApp yenyewe imemchoma kwa kuandika pale juu kwamba imeforwadiwa mara nyingi.

Nina ugomvi na hiyo picha, ila si ule ugomvi wa wazee wa kusema zamani watu walikuwa na adabu. Kadi ya Krismasi yenyewe ilizaliwa na haraka. Mwaka 1843, kule London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu kuliko muda aliokuwa nao. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapishwa kwa wingi: juu pengo la jina la anayetumiwa, chini pengo la jina la anayetuma, salamu zishaandikwa tayari. Hiyo ndiyo forwadi ya kwanza. Zile kadi za mafanikio tulizoletewa kabla ya KCPE, zenye betri ndani na muziki usiozimika, ni vitukuu vyake.

Kwa hivyo mwenye duka la kadi asidhani nimekuja kumpigia debe. Ninayoitetea ni kadi uliyoigonga wewe, kwa muhuri uliouchonga wewe, na ninaitetea kwa sababu inaweza kutumwa na mtu aliyesota.

Tuseme ukweli kuhusu Desemba. Kuna vijana wengi hapa Nairobi ambao kuanzia katikati ya mwezi hawapatikani. Nauli imepandishwa, landilodi hajui sikukuu, na ushago watu wanangoja mtoto wa mjini ashuke na mafuta, sukari na unga wa ngano. Mtoto wa mjini hana. Basi anazima simu, halafu Januari anadanganya kwamba iliibiwa. Nawajua kadhaa, na si watu wabaya. Tumejifungia kwenye sheria ambayo hakuna aliyeipitisha: kama huna kitu mkononi, nyamaza.

Mtu wa M-Pesa ataniambia shosho hawezi kupika kadi. Kweli kabisa. Kama unazo, tuma, tena na ya kutoa. Lakini kama huna, tangu lini kukosa mia tano kukawa sababu ya kupotea wiki mbili? Mama anayengoja habari za mwanawe hangoji unga peke yake. Anataka kujua kama uko hai, kama unakula, kama ile kikohozi iliisha.

Sasa, muhuri. Wakenya tunauheshimu muhuri kuliko sahihi. Barua ya chifu isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia njugu. Mimi nilikaa chuo kimoja hadi mwaka wa pili, na ninachokumbuka zaidi ya masomo ni foleni za muhuri: wa ada, wa maktaba, wa mtu aliyetoka kwenda kunywa chai. Siku zote raba ile imekuwa mkononi mwa mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Inanifurahisha, nakubali, kuishika upande huu.

Nunua kifutio, ile raba nyeupe ya shule. Chora picha kwa penseli kwenye karatasi, ilaze juu ya raba uso chini, sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia, tena ukiwa umegeuzwa, na ndivyo unavyotakiwa. Kwa wembe, ondoa pale usipotaka wino. Wembe uende mbali na vidole, tafadhali. Ukitaka picha kubwa, soli ya patipati iliyoisha inafaa. Kiazi pia, ingawa kesho kitakuwa kimenyauka. Pedi ya wino iko duka lolote la vitabu. Karatasi ya A4 ikatwe katikati, kila nusu ikunjwe, unapata kadi mbili. Shuka kumi, kadi ishirini.

Na usichonge theluji. Kata duara, ligonge kwa wino wa kahawia, tia madoa mawili matatu: hiyo ni chapati, na hakuna Mkenya atakayeuliza ni sikukuu gani. Mstatili na magurudumu mawili ni matatu ya kwenda nyumbani, paketi mgongoni. Vilima vinne vya Ngong ni mkato mmoja wa wembe ukipanda na kushuka.

Wale wa video za mitandaoni watakuuzia mashine ya kukatia, poda ya kung'arisha, na mihuri ya plastiki angavu inayobandikwa kwenye kipande cha akriliki. Ukimaliza kununua hayo yote, umekula nauli ya Kakamega, kwenda na kurudi. Halafu wanaiita sanaa ya kawaida! Wamechukua kitu cha maskini, wakakiwekea bei, na sasa maskini anakiogopa.

Utasema yako itakuwa mbaya. Itakuwa. Herufi ya N itatoka imegeuzwa, chapati moja itakuwa na wino mwingi kama imeungua. Hiyo ndiyo tofauti yake na ile picha ya mshumaa: anayeipokea anaona mahali mkono wako ulipoteleza.

Ziache zikauke usiku kucha, na usitumie karatasi ya kung'aa maana wino hauishiki. Mpe binamu anayetangulia kusafiri, au zipeleke posta mapema. Ndani usirudie Krismasi Njema, hiyo iko nje tayari. Andika kwamba kazi bado, kwamba utajaribu kuja Aprili, na uulize mguu wake unaendeleaje.