Kapu la Maskini na Kinywa cha Mfalme

Wako wasomaji ambao, wakilifungua gazeti, huitafuta kwanza katuni, wakacheka, kisha wakaendelea na shughuli zao. Kucheka si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi ya katuni imekwisha pale kicheko kinapokoma. Mchoraji hodari huweka katika karatasi moja mambo mawili ambayo wakubwa wapenda yakae mbalimbali: haja ya wengi na anasa ya wachache.

Natuitazame Ufaransa. Mwezi wa Novemba 1831, wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon waliinuka. Hawakutaka makuu, walidai ujira uliokwisha kukubaliwa mwezi mmoja tu kabla yake, ambao matajiri wengi walikataa kuulipa. Serikali ikapeleka jeshi, na mapatano yale yakafutwa.

Mwezi uliofuata, mchoraji Honoré Daumier alitoa mjini Paris picha aliyoiita "Gargantua". Humo Mfalme Louis-Philippe ameketi, tumbo kubwa, kinywa wazi. Ubao umeegemezwa kinywani mwake, na watumishi waupanda wakichukua makapu ya fedha zilizotolewa na makabwela waliovaa matambara. Chini ya kiti hutoka nishani na vyeo, na mabwana wakubwa wavikusanya. Lyon haikutajwa, wala haikuwa na haja ya kutajwa. Kila mfanyakazi alijua jasho la nani limo katika makapu yale.

Je, mfalme alipunguza makapu? La. Mwaka 1832 Daumier alitiwa gerezani kwa kifungo cha miezi sita. Mwaka 1835 ikatungwa sheria kwamba picha isichapishwe bila idhini ya serikali. Maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Sababu yaonekana wazi: makala huhitaji msomaji, bali picha humfikia hata asiyejua herufi moja. Lakini kumfunga mchoraji hakumshibishi mfumaji. Mwaka 1848 Louis-Philippe alikikimbia kiti chake.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusidhani kwamba katuni ni fimbo ya wafalme peke yao. Wazee wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Yeye alitucheka sisi wenyewe, watu wa kawaida. Na leo angekosa la kucheka? Kamati ya harusi hukutana kila juma, na michango hutimia kabla ya siku. Lakini ukitakiwa mchango wa madawati ya shule, kila mtu ana udhuru. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi picha ikituchoma, tusimtafute aliyeichora. Tulitazame kwanza kapu: limejazwa na nani, na lapelekwa wapi. Kiongozi ajiulize hivyo ofisini mwake, na mfanyakazi ajiulize hivyo nyumbani kwake.