MAMBO YA NYUMBANI: Chakula cha Mwenyeji

Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo lililonipata safarini. Lanitia haya, lakini silifichi, maana huenda likawafaa wenye watoto.

Kwetu ni Kilimanjaro, katika migomba. Mtori na kiburu ndivyo vyakula tulivyolelewa navyo, nasi twajisifia sana kwa ajili yake. Wakati wa likizo nalimchukua mke wangu na watoto wetu watatu, tukapanda basi kwenda Dodoma kumwamkia mwalimu mmoja, rafiki yangu tangu chuoni.

Tulipofika, mama yake mzazi alituandalia ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Tukanawa mikono, tukaomba baraka. Ndipo mtoto wangu wa pili, mwenye miaka kumi, akautazama ule ugali wa kijivu, akasema kwa sauti: “Baba, si ulituambia uwele ni chakula cha ndege?”

Watu wote wakanyamaza. Mtoto hakusema uongo. Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe, nami nimezoea kuyasema nyumbani kwa mzaha. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi yule hakukasirika. Akamwuliza polepole: “Mjukuu wangu, na kwenu mvua ikikosekana, mwala nini?” Mtoto hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo.

Tukala. Baada ya chakula Bibi akamshika mtoto mkono, akampeleka kwenye kihenge, nami nikafuata. Akatueleza kwamba nchi yao ni kame. Kweli, Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja tu. Mahindi mara nyingi hunyauka kabla ya kuzaa, bali uwele hustahimili jua. Majani ya mlenda nayo huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa na kusagwa, yakawekwa akiba mpaka kiangazi, wakati ambapo hakuna jani bichi shambani. Nikafahamu kwamba chakula nilichokidharau ni akili ya wazee, waliojua jinsi ya kuwalinda watoto wao na njaa.

Tena kuna jambo la pili. Sisi husema kwamba kiburu ni chakula chetu cha asili. Lakini ndizi asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Na maharage, kama mahindi na muhogo, yalitoka Amerika, yakafika Afrika baada ya mwaka 1492. Uwele ndio mwenyeji hasa, maana Waafrika waliulima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Basi siku ile mgeni alimcheka mwenye nyumba!

Wazazi wenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Dharau aliyoionyesha mwanangu ugenini aliipata nyumbani, kinywani mwangu. Bwana wetu alipowatuma wale sabini aliwaagiza wale walichoandaliwa. Nami nalilifundisha neno hilo miaka mingi pasipo kulishika.

Basi yafaa tufanye hivi. Kabla ya safari tuwaeleze watoto habari za vyakula vya huko, na sababu watu wanavila. Tukifika, kila mtu atwae kidogo, aonje, ashukuru. Mama na mabinti, na wavulana pia, waulize namna ya kupika. Tukirudi, tupike nyumbani tulichojifunza. Lakini vyakula vingine vyataka mwalimu: muhogo mchungu una sumu, wala haufai kuliwa mpaka uandaliwe sawasawa na wenye kuujua.

Sisi tulirudi na kibaba cha unga wa uwele na mlenda mkavu. Mara ya kwanza mlenda ulimshinda mke wangu, ukawa mzito kama gundi, tukacheka, tukala. Sasa twapika kila Jumamosi. Yule mtoto hajaupenda sana bado, lakini hula, wala hasemi neno. Juzi aliniomba kwamba tukienda tena tumchukulie Bibi mkungu wa ndizi, apate kuonja mtori.

Nasi tutauchukua, Mungu akipenda. Wasalaam.