KODI YA KALIBU IKOME

Ndugu wafanya kazi wa Lanet na Nakuru,

Leo nasema juu ya kitu kinachotosha kiganjani: kalibu ya kubonyezea. Ni kile kipande cha chuma chenye vishimo vya mviringo, ambamo fundi wa mapambo hugonga bati la shaba hata likawa kama kikombe. Bila hiyo hakuna hereni za duara wala shanga za shaba.

Mimi nimeifanya kazi hii. Tajiri wangu wa kwanza alitulipa kwa kila jozi, na kila Jumamosi alikata kodi ya kalibu kabla ya kutupa mshahara. Tukiuliza, alijibu: "Chombo ni changu." Nami nikaamini kwamba kitu kile kimetoka Ulaya na bei yake haisemeki. Siku moja kikapotea. Asubuhi akamtuma kijana kwa mhunzi, na jioni kalibu mpya ilikuwa mezani. Kodi haikupungua hata senti.

Basi siri yenyewe ni hii. Chukua goroli ya beringi kuukuu, uichomelee kwenye ncha ya nondo fupi, uiache ipoe polepole ndani ya majivu. Hiyo ndiyo nyundo ya kubonyezea. Pasha moto kipande kinene cha chuma laini hata kiwe chekundu, kisha ishindilie goroli hiyo ndani yake kwa nyundo na kuitoa upesi. Fanya hivyo kwa goroli za ukubwa mbalimbali, kisha sugua vishimo kwa msasa hata ving'ae. Ukianza kazi, lainisha shaba kwa moto, anza na shimo kubwa, ushuke kwa madogo. Goroli iwe ndogo kidogo kuliko shimo, ili unene wa bati upate nafasi. Lakini usigonge goroli tupu kwa nyundo: chuma chake ni kigumu mno, huweza kupasuka na kuruka machoni.

Wako wanaosema, "Chombo ni cha tajiri, ana haki ya kutoza." Sivyo! Faida ya chombo amekwisha kuipata katika kila jozi anayouza. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri aruhusiwa kufanya. Fidia ya mali iliyoharibiwa kwa makusudi imo. Kodi ya chombo cha kazi haimo. Makato mengine huweza kuingia kwa mapatano ya pamoja na chama. Kwa hiyo kiongozi wetu ye yote asitie sahihi karatasi yenye kodi kama hiyo.

Lakini tusimlaumu tajiri peke yake. Wako mafundi kati yetu wajuao kutengeneza kalibu, nao huwafukuza vijana wasione. Ndugu, ukimficha mwenzako ujuzi huu, unamsaidia tajiri kumtoza. Kesho kijana huyo atakubali bei ya chini kwa kuwa hana chombo, na bei yako wewe itashuka pamoja na yake.

Wazee wetu walibeba kipande ndani ya kibati shingoni, hata kikafutwa katika miaka ya 1940. Walifungwa kwa karatasi. Sisi tusikubali kufungwa kwa kijichuma ambacho mikono yetu yaweza kukitengeneza kwa siku moja.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, kila anayekatwa kodi ya vyombo alete hesabu yake kwa katibu wa tawi. Pili, tawi liwe na sanduku la kalibu, na kila fundi ajuaye alete moja na kumfundisha kijana mmoja. Tatu, tudai miwani ya kukinga macho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga.

Mwenye kukodi nyundo hukodi na mkono wake. Umoja ni nguvu!

Fundi Mwanachama, Lanet