Bakteria wa mafuta ya samaki wachunguzwe hapa Kisumu

Mnunuzi wa omena wakati wa mvua anaijua vyema ile harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Wengi hulaumu ukosefu wa jua. Lakini baadhi ya lawama ni ya bakteria. Viumbe hawa hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi ambacho, kikipata maji, huvunja mafuta na kuacha asidi zenye harufu na ladha mbaya. Ndiyo sababu omena waliokaushwa upesi juu ya chanja hudumu kuliko walioachwa mchangani wakiwa na unyevu.

Hata hivyo, mharibifu huyu anaweza kupewa kazi. Lipasi hutiwa katika sabuni za unga ili kuondoa madoa ya mafuta, na inaweza kusaidia kusafisha maji taka yenye mafuta. Mji wenye viwanda vya mbuta na wakaangaji wa mgongo wazi kule Obunga haukosi maji kama hayo.

Je, tumwage bakteria wenyewe mitaroni? La hasha! Pseudomonas aeruginosa, mtoaji hodari wa lipasi, huambukiza vidonda na majeraha ya moto. Mitaro yetu huelekea ziwani, na watu huoga humo. Lililo salama ni kutenganisha kimeng'enya na kiumbe anayekitoa.

Kazi hiyo si miujiza. Bakteria hukuzwa katika sahani yenye mafuta. Anayezungukwa na duara angavu ndiye anayeyavunja. Kisha bakteria huondolewa, protini hugandishwa kwa chumvi na kuchujwa katika mrija maalum. Hatimaye kimeng'enya hupimwa: kinapenda joto kiasi gani, asidi au magadi, na mafuta ya aina gani? Bila majibu hayo, hakuna anayeweza kukitumia kwa uhakika.

Tukizembea, wengine watatutangulia. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai sehemu ya faida ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambavyo kampuni za kigeni zilikuwa zikivitumia. Tulidai baada ya mali kuondoka.

Chuo Kikuu cha Maseno kipo karibu, na taasisi ya utafiti wa samaki, KMFRI, ina kituo Kisumu. Serikali ya kaunti na wenye viwanda wawape watafiti hao fedha na ruhusa ya kuchukua sampuli mitaroni. Huku tukisubiri, wakaushaji wa omena wasaidiwe kupata chanja.